Windows na Linux kwenye laptopu moja: ugawe diski, uongeze diski, au ubaki ndani ya Windows?

Wanaonijia na swali hili huwa wameshajijibu. "Kaka, nigawie diski, nataka Linux pembeni ya Windows." Mmoja ni mwanafunzi aliyeambiwa aje darasani na Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, wiki ijayo. Mwingine ni mhasibu ambaye laptopu yake imekataa Windows 11 na hana mpango wa kuitupa. Wa tatu anajifunza usalama wa mitandao, na kwenye video kaona skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani. Wote watatu wanaomba kitu kimoja, na kwa maoni yangu ni mmoja tu anayekihitaji.

Mimi huanza kwa kuuliza: katika siku ya kawaida, utahama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine mara ngapi? Anayehama mara moja kwa wiki na anayehama kila nusu saa hawavai kiatu kimoja. Kugawa diski ni njia moja tu kati ya nne. Ya pili ni kuipa Linux diski yake yenyewe, iwe ndani ya laptopu au nje kwa waya wa USB. Ya tatu ni mashine pepe, yaani kuendesha mfumo mzima ndani ya dirisha la mfumo mwingine kwa programu kama VirtualBox. Ya nne ni WSL, Linux inayokaa ndani ya Windows yenyewe.

Nachukulia kwamba Windows tayari ipo, kama ilivyo kwenye laptopu nyingi za mitumba tunazonunua, zile EliteBook, Latitude na ThinkPad zilizostaafishwa na maofisi ya Ulaya na Marekani. MacBook ina mambo yake, siigusi hapa.

Vigezo nilivyotumia

Njia zote nne nimezipima kwa mambo yaleyale: inahitaji mashine ya namna gani, inakupa kasi kiasi gani, kuhama kunakugharimu nini, hatari yake ni ipi kwa mafaili yako na kwa laptopu kuendelea kuwaka, na inamfaa nani.

Juu ya hayo kuna mawili ya kwetu ambayo miongozo mingi ya mtandaoni huyaruka. La kwanza ni umeme. Kupunguza patisheni (kipande cha diski) yenye data ni kazi isiyopenda kukatishwa. Kama betri ya laptopu yako imechoka kiasi kwamba ukichomoa chaja tu inazima, basi umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kuondoka na mafaili yote. La pili ni bando. Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 lina takriban GB 6, na la Linux Mint 22 karibu GB 3. Ukimpata rafiki aliyekwisha kulipakua, nakili kwa flashi, kisha linganisha namba yake ya SHA256 (namba ndefu inayothibitisha kwamba faili ni zima) na ile iliyoandikwa kwenye tovuti yao. Faili lililokatikia njiani hutoa makosa ya ajabu katikati ya usakinishaji, na utaanza kuilaumu laptopu bure.

Vyovyote utakavyochagua, anza kwa kuiwasha Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, bila kusakinisha chochote. Programu za Rufus au Ventoy zitakuandalia flashi hiyo. Ukishaingia, angalia Wi-Fi, sauti, kamera, vitufe vya mwanga wa skrini, na kama laptopu inalala na kuamka vizuri. Baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom na Realtek hazifanyi kazi mpaka uongeze draiva. Ikikutokea, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, na kwa kawaida Linux itaipokea papo hapo. Zoezi zima halizidi nusu saa, na limewahi kuniokoa na laptopu mbili.

Njia ya kwanza: kugawa diski

Hapa diski moja inakatwa vipande: Windows inabaki na kipande chake, Linux inapewa chake, na kila ukiwasha unakuta menyu ya GRUB ikikuuliza unaingia upande upi.

*Mashine.* Hii ndiyo njia inayozivumilia laptopu dhaifu, kwa sababu mfumo unaowaka unapata RAM yote peke yake. Linux Mint inakwenda kwenye RAM ya GB 4. Kikwazo ni nafasi. Windows 11 peke yake inadai diski ya GB 64 kwa uchache, na Ubuntu inataka angalau GB 25. Mimi sigawi chini ya GB 60 kwa upande wa Linux, maana programu na apdeti hujaza kimyakimya. Kwa hiyo SSD (diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 256 inatosha, ya GB 128 itakubana, na kama bado una diski ile ya kuzunguka, nunua SSD kwanza, hayo mengine yafuate.

*Kasi.* Kamili. Prosesa, kadi ya picha na RAM vyote ni vyako. Kwa kuhariri video, michezo mizito au kufundisha modeli za akili unde kwa kadi ya NVIDIA, ni njia hii au ya diski ya pili, basi.

*Kuhama.* Hapa ndipo watu wengi wanapochoka. Kuhama maana yake ni kufunga kila kitu, kuzima, kuwasha, kuchagua, kuingia na kufungua upya. Kwenye SSD ni dakika moja au mbili, lakini ule mtiririko wa kazi umeshakatika. Nimewaona wengi waliogawa diski kwa shangwe, na baada ya mwezi upande mmoja umeota ukungu.

*Hatari.* Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo vilio vinapotoka.

Anza na BitLocker, usimbaji wa Windows unaofunga diski isisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi zenye Windows 11 zina diski iliyosimbwa hata kama mwenyewe hajui. Toleo la 24H2 likisakinishwa upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, usimbaji huwashwa bila kukuuliza. Siku ukigusa mpangilio wa kuwaka, Windows inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza, na kwa laptopu uliyopigiwa Windows dukani, akaunti hiyo inaweza kuwa ya fundi. Hakikisha unao mkononi, umeandikwa kwenye karatasi, kabla hujagusa chochote. Vinginevyo zima usimbaji na usubiri umalizike.

Kisha uwashaji wa haraka wa Windows. Ukibofya kuzima, Windows haizimi kabisa, hulala nusu na kuacha patisheni yake imefungwa kama nyumba ya mtu aliyesafiri. Linux ikija kuifungua, inaruhusiwa kusoma tu, au inakataliwa. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kuuondoa, au kuandika `powercfg /h off` kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi.

Upunguzaji wa patisheni ya Windows ufanye ndani ya Windows yenyewe, kwa programu yake ya kusimamia diski. Acha nafasi iliyopatikana ikiwa tupu, kisha kisakinishi cha Linux kitaiona. Kama kisakinishi kinadai hakuna diski kabisa, mara nyingi chanzo ni mpangilio wa diski uitwao Intel RST kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya laptopu inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Usikimbilie kuubadilisha kuwa AHCI, mpangilio wa kawaida, bila kuiandaa Windows kupitia hali salama (Safe Mode). Ukifanya hivyo, Windows itakupokea kwa skrini ya buluu.

Utaratibu ni Windows kwanza, Linux baadaye. Windows ikija ya pili hujipanga mbele na menyu ya GRUB haionekani tena. Linux haijafutika, ila inabidi uingie BIOS na kuirudisha juu ya foleni. Hata bila kusakinisha upya, apdeti zinaweza kukushangaza. Agosti 2024, apdeti moja ya Windows ilizuia vipakiaji (programu zinazoanzisha mfumo) vya zamani vya Linux kwa sababu za usalama. Ilikusudiwa isiziguse laptopu zenye mifumo miwili, lakini nyingine ziliguswa, na wenyewe wakaamka Linux yao haiwaki mpaka walipozima Secure Boot, ulinzi unaokagua kipakiaji kabla ya kuwaka, na kurekebisha.

Na halafu kuna saa. Hili haliharibu kitu, ila linaudhi. Linux huandika saa ya dunia, UTC, kwenye saa ya mashine, wakati Windows huisoma saa hiyohiyo ikidhani ni ya hapa. Ukitoka Linux saa tatu asubuhi ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, Windows itakuambia ni saa kumi na mbili alfajiri. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi tofauti ni saa mbili, Muscat ni saa nne. Amri moja ndani ya Linux, `timedatectl set-local-rtc 1`, inamaliza ugomvi.

Mwisho, tofautisha kugawa diski na kuifuta. Kwenye visakinishi vingi chaguo la "pembeni ya Windows" na chaguo la "futa diski yote" yamekaa jirani. Fundi mmoja aliyefanya kazi kwa haraka alimchagulia ndugu yangu lile la pili, na picha za harusi hazikurudi. Akiba ya mafaili kwenye diski nyingine ni sehemu ya kazi hii, kama ilivyo kufunga breki kabla ya kunyanyua gari kwa jeki.

*Anayefaa.* Mwenye RAM ndogo. Anayehitaji nguvu zote za mashine pande zote mbili. Anayekusudia kuishi Linux na kurudi Windows kwa shughuli moja maalumu. Na asiyeogopa kuingia BIOS.

Njia ya pili: Linux kwenye diski yake

*Mashine.* Fungua kifuniko cha chini kabla hujanunua kitu. Baadhi ya laptopu za ofisini, kama HP EliteBook 840 G3, zina nafasi ya diski ya inchi 2.5 na pia tundu la M.2, kwa hiyo diski mbili zinaishi pamoja. Kwenye laptopu zenye DVD, mahali pa DVD panaweza kuwekwa fremu ya kubebea diski, ila pima unene: ziko za milimita 9.5 na za 12.7. Zisipopatikana zote, chukua SSD ya nje yenye USB 3. Flashi ya kawaida hapana. Kwa kujaribu inafaa, kwa kuishi humo kila siku itakuchosha kwa mwendo wake mzito na haitadumu, maana haikuundwa kuandikwa mfululizo.

*Kasi.* Diski ya ndani haina tofauti na njia ya kwanza. Ya nje kwenye tundu la USB 3 inakaribia, na kwa kazi za kawaida hutaona upungufu. Kwenye tundu la USB 2 mwendo ni wa daladala ndani ya foleni.

*Kuhama.* Bado ni kuzima na kuwasha, ila badala ya GRUB unabonyeza kitufe cha kuchagua diski: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Mifumo miwili haijuani kabisa.

*Hatari.* Ndogo, kwa sharti moja. Visakinishi vingine, na Ubuntu imewahi kulaumiwa sana kwa hili, huweka kipakiaji cha Linux kwenye diski ya Windows hata kama umechagua diski ya nje. Matokeo yake ukichomoa diski ya nje, laptopu inaamkia kwenye skrini nyeusi yenye neno grub. Njia ya uhakika ni kuchomoa diski ya Windows, au kuizima kwenye BIOS, wakati wa kusakinisha, kisha kuirudisha. BitLocker nayo kwa kawaida haina sababu ya kulalamika ikiwa hukugusa diski yake wala Secure Boot. Hatari iliyobaki ni ya nyumbani: mtoto anapita, anavuta waya, na Linux inaganda.

*Anayefaa.* Laptopu inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Anayetaka kubeba Linux yake mfukoni na kuiwasha kwenye mashine mbalimbali. Na anayetaka faida za njia ya kwanza bila kupigana na Windows. Bei ni ya diski moja, na kwa wengi ninaowafahamu hiyo imekuwa fedha iliyotumika vizuri.

Njia ya tatu: mashine pepe

*Mashine.* Hapa RAM ndiyo inayoamua. Mifumo miwili inakula sahani moja kwa wakati mmoja. GB 8 ni kima cha chini cha kuvumilia, ukiipa Linux GB 3 au 4. Kwenye GB 16 unapumua. Kwenye GB 4 usijaribu. Prosesa lazima iruhusiwe kazi hii kwenye BIOS, mahali palipoandikwa VT-x au Intel Virtualization kwa Intel, na SVM au AMD-V kwa AMD. Kwenye laptopu nyingi za mitumba nimekuta imezimwa.

*Kasi.* Kwa kuandika, kuperuzi na kujifunza amri, inatosha. Picha za 3D na michezo, sahau. Ukiona VirtualBox imeweka alama ya kobe wa kijani pale chini ya dirisha, maana yake Windows imeshika Hyper-V, mfumo wake yenyewe wa mashine pepe, na VirtualBox inapita mlango wa nyuma. Huyo kobe hajawekwa kwa urembo, utamsikia mwendo wake. Betri pia inaisha haraka.

*Kuhama.* Bora kuliko zote mbili zilizotangulia. Unabofya dirisha. Unanakili huku, unabandika kule. Wanaosema mshika mbili moja humponyoka hawakuwahi kuiona VirtualBox.

*Hatari.* Karibu hakuna. Mfumo mzima wa pili ni faili moja kubwa. Ukiuharibu, unarudi kwenye nakala ya hali yake (snapshot) uliyoihifadhi jana, au unalifuta faili na kuanza upya. Diski haikatwi, GRUB haipo, BitLocker hajui kinachoendelea. Umeme ukikatika, kinachoumia kwa kawaida ni ile mashine ya ndani, na hata hiyo mara nyingi huamka.

Inafanya kazi kinyume pia. Unaweza kuishi Linux na kuifungulia Windows dirisha kwa ajili ya programu moja. Tangu VirtualBox 7.0 ya mwaka 2022, mashine pepe inaweza kupewa TPM (chipu ya usalama ambayo Windows 11 huidai) ya kuigiza, kwa hiyo Windows 11 inakubali kuingia. Leseni yake bado utaihitaji. Lakini zipo programu zinazogoma ndani ya mashine pepe kwa makusudi, hasa zile za kusimamia mitihani ya mtandaoni na michezo yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu, kama Valorant. Hizo zinataka Windows halisi kwenye chuma halisi.

*Anayefaa.* Mwanafunzi wa mitandao na usalama anayetaka mashine tatu zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe. Anayependa kuvunjavunja ili ajifunze. Na yeyote mwenye RAM ya kutosha na woga wa kutosha.

Njia ya nne: WSL

*Mashine.* Windows 11, au Windows 10 kuanzia toleo la 2004 lililotoka Mei 2020. Hata Windows ya Home inakubali. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `wsl --install`, washa upya, na Ubuntu iko tayari. Kwa bando ndiyo nafuu kuliko zote. Unapakua sehemu ndogo tu ya zile GB 6, kwa sababu eneokazi la Linux, yaani skrini yake ya madirisha na menyu, halimo. RAM ya GB 8 inafaa. Jua kwamba kwa kawaida WSL inaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM yako, na kiwango hicho kinaweza kupunguzwa.

*Kasi.* Kwa kazi za amri, Python, Node, Git na Docker, inakimbia vizuri mno, ilimradi mafaili ya mradi yakae upande wa Linux. Ukiyaacha upande wa Windows na kuyafikia kupitia `/mnt/c`, kila kitu kinakokota miguu, na hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayeanza.

*Kuhama.* Hakuna kuhama. Dirisha moja la amri, na VS Code inafungua mradi wa Linux kana kwamba ni folda ya kawaida. Kwenye Windows 11 hata programu za Linux zenye madirisha zinafunguka.

*Hatari.* Hakuna ninayoijua ya kuizuia laptopu kuwaka. Upungufu wake ni mwingine: si Linux kamili ya kuishi humo. Vifaa vya USB haivigusi bila programu ya nyongeza, kadi ya Wi-Fi haiioni kama kadi ya Wi-Fi, na haikufundishi kutunza kompyuta ya Linux, maana anayeitunza bado ni Windows. Pia haiwezi kuokoa laptopu iliyoachwa nyuma na Windows, kwa sababu imejengwa juu yake.

*Anayefaa.* Mwandishi wa programu, mchambuzi wa data, na mwanafunzi ambaye mwalimu wake anaposema "Ubuntu" anamaanisha bash na gcc, yaani kuandika amri na kutengeneza programu za C.

Kwa hali yako

Yule mwanafunzi wa wiki ijayo: WSL leo usiku, na ukiona somo linadai eneokazi zima la Linux, ongeza VirtualBox baadaye. Muulize mwalimu kwanza, lakini. Baadhi ya kozi za mifumo endeshi zinataka uguse kernel, kiini cha mfumo, na hapo mashine pepe ndiyo salama.

Anayejifunza usalama: mashine pepe. Kwa mazoezi ya Wi-Fi, kadi ya ndani haitafaa, ila kadi ya nje ya USB inaweza kukabidhiwa kwa mashine pepe moja kwa moja. Fanyia mazoezi mtandao wako mwenyewe.

Mhasibu ndiye niliyemsema mwanzoni kwamba anahitaji kugawa diski. Laptopu yake ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, na kwa Intel, Windows 11 kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya apdeti za usalama kwa watu binafsi inaishia Oktoba 2026. Programu yake ya hesabu ni ya Windows na haihitaji intaneti. Basi Linux Mint ichukue barua pepe, benki na kuperuzi, na Windows 10 ibaki ikiwa imekatwa mtandao, ifunguliwe mwisho wa mwezi tu. Mafaili ya pamoja yakae kwenye patisheni ya NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, kwa sababu Linux inaisoma NTFS ilhali Windows haisomi ext4, mpangilio wa Linux. Lakini kama programu ya hesabu inadai intaneti muda wote, mpango huu haumfai. Ni afadhali aanze kuweka akiba ya mashine mpya.

Mwenye RAM ya GB 4 asiyetaka kuongeza: kugawa diski au SSD ya nje. Mbili zilizobaki zitakufanya uichukie Linux bila kosa lake.

Laptopu ya familia, au uliyoazima: SSD ya nje, na usisahau ule ushauri wa kuzima diski ya ndani wakati wa kusakinisha.

Laptopu ya ofisi: usigawe. Diski imesimbwa, ufunguo uko kwa watu wa TEHAMA, na siku Windows itakapoudai utakuwa na maelezo ya kutoa. Omba ruhusa ya WSL.

Na kama tayari uligawa diski mwaka jana na hujawahi kuingia upande wa Linux tangu hapo, unaweza kuirudisha nafasi yako, ila kwa mpangilio. Ingia BIOS uiweke Windows mbele ya foleni, washa mara mbili au tatu uhakikishe inakuja yenyewe bila GRUB, chukua mafaili yaliyobaki upande ule, ndipo uzifute patisheni za Linux kutoka ndani ya Windows. Ukianza na kufuta, utaamka na ile skrini nyeusi yenye neno grub, na Windows itakuwa imekaa nyuma yake nzima kabisa, ikikusubiri ubonyeze F9 au F12.